Kabla hujaniuliza bei ya ile mashine ya Chennai: moyo dhaifu, kifua kinachobana, na daftari la baba

Kila baada ya wiki mbili tatu napokea ujumbe wa namna moja: "Dada, ile mashine aliyowekwa mzee wako kule India ni bei gani?" Mtumaji hubadilika, hali ni ileile. Nyumbani kuna baba au mama, moyo umetanuka, miguu inavimba, kifua kinabana, madaktari wamesema kisu hakiwezekani, na ndugu wameshaanza kuchangishana. Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nane nane, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Mimi ni mhasibu, si daktari. Ninayoyajua nimeyajulia kwenye mabenchi ya nje ya vyumba vya madaktari, Tanga, Dar na Chennai, daftari likiwa mapajani.

Kwa kifupi, mashine hiyo, ya tiba iitwayo EECP inayobana miguu kwa mikanda ya hewa ili damu irudi moyoni, ilimsaidia baba. Ila kama tungempeleka mwaka mmoja kabla ya pale isingemsaidia, na huenda ingemjaza maji mapafuni. Kazi kubwa ilifanyika kabla hatujapanda ndege, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikutugharimu hata shilingi.

Kiungulia kinachohesabu barabara

Baba ni mstaafu wa bandari na anaishi Ngamiani, ambako mitaa yetu ina namba: barabara ya kwanza, ya pili, hivyo hivyo hadi zaidi ya ishirini. Mwaka 2017 alipata shambulio la moyo, akawekewa stenti moja (kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa usizibe), akarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Kwa akili zetu moyo ulikuwa umeshatibiwa. Ndiyo maana alipoanza kulalamika kiungulia, miaka miwili baadaye, tulihangaika na tumbo. Mama akamnyima pilipili na achari, mimi nikawa natuma dawa za kutuliza asidi kwa basi. Tuliendelea hivyo miezi mitano.

Siku moja nikiwa likizo nilimsindikiza sokoni. Tumetoka nyumbani, barabara ya kumi na nne, hatujafika mbali akasimama mbele ya duka la vitambaa akawa kama anachagua khanga. Baba yangu hajawahi kuchagua khanga maishani mwake. Nilipomwuliza akasema, "Mwanangu, kiungulia hiki kina adabu. Nikifika barabara ya kumi na mbili kinanikamata, nikisimama hapa dakika tatu kinaniachia." Mwenye duka alikuwa ameshamzoea, anamsogezea stuli kabla hajasalimiwa.

Kiungulia hakihesabu barabara. Kitu kinachokubana ukitembea na kukuachia ukisimama, hata kama kiko kwenye chembe ya moyo, hata kama kinapanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, kichukulie kuwa ni cha moyo hadi daktari akwambie siyo. Jina lake ni anjina: msuli wa moyo unalilia damu kwa sababu mishipa inayoulisha imekuwa myembamba. Na wazee wetu mara nyingi hawasemi "maumivu". Watasema kuna uzito, kuna gesi, au kama mtu kanikalia kifuani. Mwenye sukari anaweza asisikie kitu kabisa, akawa anaishiwa pumzi tu.

Tulipomleta Dar akapimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Moyo wake ulikuwa unasukuma asilimia 30 ya damu iliyomo kwenye chumba kikuu kila unapopiga. Wa mtu mzima mwenye afya uko juu ya 50. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa analalia mito mitatu na kwa nini soksi zilikuwa zinamwachia mfereji juu ya kifundo. Alikuwa na magonjwa mawili yanayosaidiana kumwangusha: mishipa haipeleki damu ya kutosha, msuli unadhoofu, msuli ukidhoofu damu inarudi nyuma, moyo unajaa na kutanuka, na moyo uliojaa unahitaji chakula kingi zaidi kutoka kwenye mishipa ileile iliyoshindwa.

Kipimo cha mishipa kilionyesha stenti ya zamani iko wazi, lakini mishipa mingine ilikuwa imesinyaa kwa urefu wake wote. Hapakuwa na pa kuweka stenti nyingine wala pa kushonea mshipa mpya. Hapa niseme neno moja kwa wanaofikia hatua hii. "Haiwezekani" ya upasuaji isiwe neno la mtu mmoja. Omba daktari wa moyo na daktari wa upasuaji wa moyo waangalie picha zile pamoja. Utafiti uitwao STICH uliwafuatilia wagonjwa 1,212 wenye moyo dhaifu na mishipa iliyoziba, na baada ya miaka 10 waliopandikizwa mishipa walikuwa wamefariki karibu asilimia 59, waliobaki na dawa peke yake asilimia 66. Kwa hiyo yupo ambaye kisu kinamfaa, na usimkimbize kwenye mashine kwa kuogopa kisu. Stenti ni habari nyingine. Utafiti wa Uingereza uitwao REVIVED, wenye wagonjwa 700, uliotangazwa 2022, haukuona stenti ikipunguza vifo au kulazwa kwa watu wenye moyo dhaifu kuliko dawa zilizopangwa vizuri. Basi ndugu akikulaumu kwamba umemnyima mzazi stenti kwa ubahili, msomee hilo.

Mfuko wa dawa mezani

Daktari aliyempokea Dar hakuanza kwa kuandika dawa. Alisema, "Mzee, mwaga mfuko wote hapa." Baba akamwaga. Pakiti kumi na moja, mbili kati yake zina dawa ileile kwa majina ya viwanda tofauti. Daktari akazipanga kama karata, akatoa mbili akaziweka upande wake wa meza, na hakuzirudisha.

Ya kwanza ilikuwa diltiazemu. Aliandikiwa kwenye zahanati moja ya binafsi, siku alipokwenda kulalamika kifua bila kusema kwamba aliwahi kupata shambulio. Ni dawa nzuri ya anjina kwa mwenye moyo wenye nguvu. Kwa moyo unaosukuma kwa shida, dawa hiyo na ndugu yake verapamili huzidi kuudhoofisha. Kifua kilikuwa kinatulizwa kidogo, moyo unazamishwa. Amlodipini, ambayo wazee wengi wa presha wanaijua, ni ya ukoo huohuo lakini haina ubaya huo. Tatizo lake ni kwamba inaweza kuvimbisha vifundo, ukashindwa kujua uvimbe ni wa dawa au wa moyo.

Ya pili hakuandikiwa na mtu. Ilikuwa diklofenaki, ya goti, anayojinunulia duka la dawa pakiti kwa pakiti. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hulazimisha mwili kushika chumvi na maji, na hubana figo. Mgonjwa wa moyo akizimeza huku anameza Lasix, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, ni kama mtu anayechota maji kwenye ngalawa huku mwenzake anatoboa. Baba alijitetea kwa sauti ndogo kwamba mbona hata jirani anazitumia. Alipoziacha, na Lasix ikapangwa upya, alipungua kilo nne kwa wiki moja, zote maji. Mto mmoja ukaondoka, kisha wa pili. Na kifua nacho kikapungua kubana, ingawa hatukuwa tumeongeza dawa yoyote ya kifua, kwa sababu moyo usiojaa unafanya kazi ndogo.

Daktari alituagizia pia picha ya damu, tezi ya shingo na mapigo. Upungufu wa damu peke yake unaweza kufanya kifua kibane kwa mtu ambaye jana alikuwa salama. Huku kwetu penye malaria na minyoo, kipimo hicho kisiachwe.

Baada ya hapo ndipo zikaja dawa za kuongeza. Sitaorodhesha zote. Iliyobadilisha maisha yetu ni bisoprololi, na nataka niieleze kidogo kwa sababu watu wengi wanaiacha wiki ya pili. Daktari alituambia hivi: moyo hula ukipumzika. Unapojikaza kusukuma, mishipa yake mwenyewe inabanwa. Unapolegea kati ya pigo na pigo, ndipo damu inaingia vizuri kwenye mishipa hiyo. Moyo unaokimbia mapigo 95 hauna muda wa kula. Ukipunguzwa hadi 60 unapata nafasi. Lakini kwa moyo dhaifu dawa hii huanzwa kidogo sana, baba alianza na miligramu 1.25, ikapandishwa taratibu kila baada ya wiki mbili au zaidi, mgonjwa akiwa hajavimba. Wiki za mwanzo alichoka zaidi, akasema tumempa dawa ya kumzeesha. Tukavumilia. Na isikatishwe ghafla hata siku moja, hata kama hela imekwisha, kopa.

Mapigo yake yalibaki juu ya 70, akaongezewa ivabradini. Nikaonywa kwamba anaweza kuona mimuliko ya mwanga, na kweli wiki ya tatu akaanza kusema ukiwasha taa usiku kuna vimulimuli chumbani. Mama alikuwa ameshaanza kufikiria mambo mengine. Ni dawa tu, na kwake iliisha yenyewe baada ya miezi miwili. Zipo pia dawa nyingine za anjina, trimetazidini na ranolazini, ambazo hazishushi sana presha, kwa hiyo huwafaa wale ambao presha yao iko chini tayari. Mwenye ugonjwa wa kutetemeka asipewe trimetazidini. Matunda nayo yana mambo yake. Balungi, ambalo Muheza halina thamani hata ya kuliibia, linapandisha ivabradini na ranolazini mwilini kupita kiasi. Na madafu, kinywaji cha heshima kwa mgonjwa Tanga nzima, yana potasiamu nyingi. Ukiwa unatumia spironolaktoni au dawa za presha za kundi linaloishia na "prili", pima potasiamu kabla hujamnywesha mzee madafu matatu kwa siku kwa mapenzi. Chumvi za dukani zinazosifiwa kuwa "za wenye presha" vilevile nyingi zina potasiamu.

Kidonge kisicho na kitu

Usiku mmoja baba alibanwa akiwa kitandani. Mama akampa kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Dakika tano, hakuna. Akampa kingine. Hakuna. Kilichomwokoa ni jirani mwenye gari. Hospitali walipomwekea kidonge kutoka kwenye chupa yao, kifua kiliachia kabla hajamaliza kutaja jina lake.

Asubuhi nikapiga simu kuuliza vidonge vya nyumbani vinakaa wapi. Mama, kwa usafi wake, alikuwa amevihamisha kutoka kwenye chupa ya kioo akavifunga kwenye kijifuko cha plastiki, akakitia mfuko wa shati la baba ili kisisahaulike. Dawa iliyomo kwenye kidonge hicho, nitrogliserini, huruka hewani. Ikitoka kwenye chupa yake, ikakaa kwenye joto la Tanga na jasho la mfukoni, unabaki na chokaa. Vikae kwenye chupa ileile, kifuniko kimekazwa, andika juu tarehe uliyofungua, na usivitegemee baada ya wiki nane. Ya kupuliza inadumu zaidi, ila msiiache kwenye gari juani.

Sisi tuliagizwa hivi: akibanwa akae chini kwanza, kwa sababu dawa inashusha presha na anaweza kuanguka. Kimoja, subiri dakika 5. Bado, cha pili, dakika 5 nyingine. Bado, hospitali, bila kusubiri kupambazuke. Akitoka jasho la baridi, au maumivu ni tofauti na yale aliyoyazoea, hata hizo dakika usizihesabu. Tuna namba za majirani watatu wenye magari, zimebandikwa nyuma ya mlango.

Zile nitreti za kumeza kila siku, ndugu za kidonge cha ulimi, nazo zina hila: mwili ukizipata saa 24 unazizoea na hazifanyi kazi tena. Ndiyo maana daktari huandika asubuhi na mchana, usiku waziache. Usimrekebishe.

Na kuna jambo ambalo binti hawezi kumwuliza baba yake. Dawa za nguvu za kiume zenye sildenafili zikikutana na nitreti, presha huporomoka hadi mtu kufa. Nilimwomba kaka yangu azungumze naye faragha. Msidhani ni mambo ya vijana tu. Na msidhani kwamba "ya miti" au vumbi la Kongo ni salama kwa kuwa halina boksi. Mara nyingi unga wa mtaani umechanganywa na vidonge hivyohivyo, na muuzaji mwenyewe hajui kipimo.

Daftari lilianza wiki ile. Ni daftari la shule, la kurasa 96. Kila asubuhi baba akitoka haja ndogo, kabla ya chai, anapanda mzani: kilo. Halafu presha na mapigo. Halafu mara ngapi kabanwa jana, katumia dawa ya ulimi mara ngapi, na alifika barabara ya ngapi bila kusimama. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, anapiga simu kwa daktari kabla ya miguu kuvimba. Ramadhani ya kwanza daftari ndilo lililotuonyesha kwamba kifua kilikuwa kinabana njiani kwenda tarawehe, siku zote, na siyo kwenda alfajiri: ni tumbo lililojaa futari likifuatiwa na mwendo. Siku hizi anafuturu tende na uji, anaswali, vingine baadaye. Suala la kufunga lenyewe alilimaliza daktari wake pamoja na shehe wake, na mwaka huo hakufunga.

Kubanwa na chatu mwenye saa

Baada ya mwaka mmoja wa dawa alikuwa anafika barabara ya kumi, yaani barabara nne badala ya mbili. Ilikuwa nafuu, lakini alikuwa bado anatumia dawa ya ulimi mara mbili tatu kwa siku. Hapo daktari ndipo alipotaja tiba inayoitwa EECP. India inafanyika miji mingi, na tulichagua Chennai kwa sababu binamu alikuwa na mwenyeji wake kule. Sitaitaja hospitali.

Nilivyoelezwa ni hivi. Mgonjwa analala kitandani, anafungwa mikanda mipana kama ile ya kupimia presha: kwenye vigimbi vya miguu, kwenye mapaja chini, na kwenye mapaja juu pamoja na makalio. Waya za ECG, za kusoma mapigo, kifuani zinaiambia mashine moyo uko wapi. Moyo unapolegea, mikanda inajaa hewa kwa kufuatana, kuanzia vigimbi kupanda juu, inasukuma damu ya miguuni irudi kuelekea moyoni wakati uleule ambao mishipa ya moyo iko wazi kula. Kabla moyo haujapiga tena, yote inaachia kwa pamoja, na moyo unasukuma damu mahali palipolegea. Ni maneno yaleyale ya daktari wa Dar, moyo hula ukipumzika, isipokuwa hapa unalishwa kwa nguvu. Saa moja kwa siku, saa 35 kwa jumla. Kwa kawaida ni wiki saba za siku tano. Sisi tulikwenda siku sita kwa wiki.

Baba alikieleza vizuri kuliko mimi: "Ni kama kubanwa na chatu anayeangalia saa." Siku ya kwanza alinishika mkono kama mtoto. Siku ya nne alikuwa anasinzia. Kidoleni wanaweka klipu inayochora mawimbi kwenye skrini, na fundi wa mashine alinionyesha vilima viwili kwa kila pigo: kimoja cha moyo, kimoja cha mashine. Kazi yake ni kurekebisha hadi kile cha mashine kiwe kirefu kuliko cha moyo. Niliwaona mafundi wawili wakifanya kazi tofauti kabisa hapo. Mmoja haondoi jicho kwenye skrini, mwingine anawasha na kwenda kunywa chai. Tukaomba zamu ya yule wa kwanza. Wauguzi walimwita "appa", baba kwa Kitamil, na yeye akawa anawajibu "naam wanangu" kwa Kiswahili, wakaelewana wiki zote sita.

Vitu vidogo ambavyo hakuna aliyetuambia. Suruali ya kubana inayovaliwa chini ya mikanda isiwe na mkunjo hata mmoja. Mkunjo mmoja nyuma ya goti ulimchuna ngozi siku ya tano, na kwa mwenye sukari hicho ni kidonda cha kuangaliwa. Mgonjwa aende haja ndogo kabla ya kufungwa, kwa sababu mashine nayo inaleta mkojo; tulilazimika kuhamisha Lasix ya asubuhi hadi baada ya tiba. Na chakula cha Chennai ni kitamu lakini sambari (mchuzi wao wa dengu) na achari zina chumvi ya kutosha kurudisha mito yote mitatu. Nilikuwa nampikia wali kwenye jiko la nyumba tuliyopanga, anakula na mtindi.

Sasa lile la maji mapafuni nililolitaja mwanzo. Mashine inarudisha damu nyingi moyoni kwa mpigo. Kwa moyo uliokauka vizuri ni chakula, kwa moyo uliojaa ni mafuriko. Siku ya kumi mzani wetu, tuliousafirisha kutoka Tanga ndani ya begi, ulionyesha kilo 2 zaidi ya juzi yake. Nilifungua daftari nikamwonyesha daktari. Alimsikiliza mapafu, akasimamisha tiba siku mbili, akaongeza Lasix, tukaendelea. Pale kitandani alikuwa halalamiki kitu. Bila daftari wangemfunga mikanda siku ile kama kawaida.

Wapo wasiofaa kabisa kuwekwa: mwenye valvu ya aota inayovuja sana, mwenye uvimbe wa mshipa mkubwa wa aota, mwenye damu iliyoganda kwenye mishipa ya miguu, mwenye presha iliyo juu ya 180 kwa 110, mwenye mapigo yasiyo na mpangilio kiasi kwamba mashine haijui lini ibane, anayetokwa damu kirahisi au aliyezidishiwa dawa ya kuyeyusha damu, mjamzito, na yeyote ambaye moyo umemzidi kwa sasa, miguu imejaa na pumzi hazitoshi. Kituo kikikubali kumfunga mgonjwa wako bila kuangalia eko na mishipa ya miguu, ondokeni.

Ondokeni pia mkiambiwa ni "baipasi ya asili" au "inazibua mishipa". Hata sisi tulipewa kipeperushi chenye maneno hayo. Haizibui kitu. Inafikiriwa kwamba inaamsha vijishipa vya pembeni na kulainisha kuta za mishipa. Ushahidi wake ni wa wastani. Utafiti wa mwaka 1999, wenye wagonjwa 139 wa anjina, ulilinganisha mikanda inayobana kweli na inayobana kidogo tu. Waliobanwa kweli walipata vipindi vichache vya kifua, ila muda wa kutembea kwenye mashine ya mazoezi haukuwatofautisha sana na wenzao. Mwaka 2006 ukatoka mwingine, PEECH, wa watu 187 wenye moyo dhaifu: baada ya miezi sita, asilimia 35 ya waliopata tiba walikuwa wameongeza angalau dakika moja ya mazoezi, dhidi ya 25 ya wasioipata, na kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unatumia hakikutofautiana. Haijaonyeshwa kwamba inarefusha maisha. Miongozo ya Ulaya ya 2019 iliiweka kwenye mambo yanayoweza kufikiriwa pale dawa na njia nyingine zimeshindikana, basi. Ninayasema haya nikiwa binti wa mtu aliyefaidika, kwa sababu nimeona familia ikiuza kiwanja kwa ajili ya saa 10 za mashine, dawa za mgonjwa zikiwa hazijawahi kupangwa.

Kwa hiyo ukinitumia ujumbe kuuliza bei, nitakuuliza kwanza: eko ya karibuni inasema asilimia ngapi? Mapigo yake ni mangapi asubuhi? Anameza nini cha goti? Kidonge cha ulimi kiko kwenye chupa gani? Kama uko Tanzania na hayo hayajajibiwa, pale Muhimbili kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, eko na kipimo cha mishipa vinapatikana, na nauli ya basi ni ndogo kuliko ya ndege.

Baba alirudi Tanga, na wiki ya tatu alivuka barabara ya kumi na mbili bila kusimama. Mwenye duka la vitambaa alitoka nje na stuli yake, akamwona anapita, akamwuliza mama jioni kama wamekosana. Alifika hadi barabara ya sita, na dawa ya ulimi ikashuka hadi mara moja au mbili kwa wiki. Hivyo ilikuwa zaidi ya mwaka.

Sasa ni mwezi wa ishirini tangu turudi, na inaanza kurudi nyuma kidogo. Jana nilimwomba anitumie picha ya ukurasa wa wiki hii. Kilo 71, mapigo 62, dawa ya kupuliza mara tatu, barabara ya nane. Pale barabara ya nane hakuna duka la vitambaa, kuna muuza kahawa, na chini ya ukurasa ameandika kwa mwandiko wake wa bandarini: "Stuli ya huku ni fupi lakini kashata ni nzuri." Jumatatu tuna miadi.